Bomba Nililichagua Mimi

Mpendwa binti yangu Nafula,

Nakuandikia mahali ambapo kila mtu atasoma, kwa sababu mahali ambapo ungesoma peke yako umenifungia. Simu yangu haikufikii tena. Mama yako, nikitaja jina lako, anageuka na kuosha vyombo ambavyo amekwisha kuviosha. Kwa hiyo nimemwomba dada wa saiba, pale penye kompyuta za kukodisha hapa Kangemi, aichape barua hii na kunitolea nakala, nami nitazibandika kwenye milango ya gereji, hapa kwetu, Ngara na Westlands. Wale vijana wa kundi la mafundi kwenye simu nimewaambia waisambaze wanavyotaka. Najua hupendi kusemwa hadharani. Lakini nilikuharibia jina hadharani, na sijui mahali pengine pa kulitengenezea.

Wewe umebeba jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana nilikuita mama tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni. Ulipomaliza kidato cha nne, mama yako alikuwa amekwisha kukutafutia nafasi saluni. Ukaja kwenye banda langu la kuchomelea Jumatatu asubuhi ukiwa umefunga leso kichwani, ukaniambia hutaki nywele za watu, unataka chuma. Nilicheka mpaka jirani muuza makaa akaja kuuliza kuna nini. Nikakupa ile maski kuukuu ya kuchomelea, yenye kamba ya mpira wa tairi, nikajua utachoka kabla ya Ijumaa. Wiki ya kwanza kila fimbo ya kuchomelea uliyoigusa ilinata kwenye chuma, ukawa unaivuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Hukuchoka. Kufika mwezi wa tatu mstari wako ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Niliuona nikiwa nimesimama nyuma yako, nikakuambia, "Itafaa." Sikuwahi kukuambia zaidi ya hapo. Miaka sita mizima tulifanya kazi pamoja na neno langu lilikuwa hilo hilo.

Unakumbuka maziwa? Kila tulipomaliza kazi yenye moshi mkali, hasa yale mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, nilikutuma pakiti moja, tukaigawa kwenye vikombe viwili vya bati, kwa sababu fundi yeyote wa hapa atakuambia maziwa huosha kifua. Ulipoanza masomo ya ufundi chuoni ukaniambia walimu wanasema maziwa hayafiki kwenye mapafu, yanaenda tumboni kama chai, na kwamba dawa ni kuacha hewa ipite na kuvaa kinga. Nilinuna siku nzima. Jioni ukaja na pakiti bila kutumwa, ukagawa, ukanywa ya kwako yote. Ulijua nimekosea na bado ukanywa nami. Mimi nikadhani nimeshinda.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa sumaku yangu. Niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaitoboa na kuivaa shingoni kwa uzi. Chuma kikiivuta sumaku, ni chuma cha kawaida; kikiikataa, ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha, na kwa miaka thelathini hapakuwa na mtu aliyenibishia. Ulipomaliza chuo ulirudi na tochi ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, ambayo mimi mpaka leo naishika kama mtu wa kushoto anayeandika kwa kulia, na ukarudi na kichupa cha dawa. Tone moja la dawa ile juu ya stenlesi, unagusisha betri ndogo ya redio, unahesabu kidogo, na rangi inakuambia kama ni stenlesi ya kustahimili moto au ni ile ya bandia inayotengenezewa fanicha na urembo. Nilikiita kichupa kile rangi ya kucha. Kila mteja aliyekuja nilimwonyesha, "Binti yangu amerudi na rangi ya kucha." Walicheka. Wewe pia ulicheka, angalau mara za kwanza.

Kisha akaja Bwana Kuldip wa Westlands na kile kigari chake cheupe cha mashindano. Wewe unayajua haya yote, lakini kuna watakaosoma barua hii wasijue, na nataka wajue sawasawa. Alikuwa ameweka turbo kwenye injini ili kuiongezea nguvu, na alitaka tumtengenezee manifoldi mpya: bomba lenye matawi manne linaloshika kwenye injini, likakusanya moshi wa moto na kuusukuma kwenye turbo. Hakuna bomba lingine kwenye gari linaloteseka hivyo. Linawaka mpaka linakuwa jekundu, linapoa, linawaka tena, na muda wote huo turbo nzito imening'inia juu yake. Kuchagua chuma cha kazi hiyo ni nusu ya kazi yenyewe. Ukichagua vibaya, hata ukiunga vizuri namna gani, litapasuka tu.

Tulikwenda Ngara, wewe na mimi, kwa muuza vyuma. Ulikuwa umeandika kwenye karatasi unachotaka: kona za stenlesi nene, yaani mabomba yaliyokwisha kupindwa, zenye nambari ya daraja iliyopigwa mhuri ubavuni. Zilikuwepo. Ulizishika moja moja ukasugua nambari kwa kidole gumba, nikaona umefurahi. Mimi nikavua sumaku yangu shingoni, nikaisogeza kwenye mkunjo wa kona, nayo ikavutika. Kidogo tu, lakini ikavutika. Basi nikapaza sauti mbele ya wateja wote kwamba wanatuuzia takataka. Ulinivuta pembeni ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba stenlesi nzuri ikikunjwa baridi hupata uvutano kidogo pale penye mkunjo, na kwamba nikiweka sumaku kwenye kipande kilichonyooka nitaona tofauti. Sikuweka. Fundi wa miaka thelathini aelekezwe jinsi ya kushika sumaku na mtoto aliyemfundisha mwenyewe, tena dukani? Nilitoka. Ulibaki nyuma ukimwomba msamaha yule muuza vyuma, nikakuona kwenye kioo cha mlango, na hilo nalo likaniudhi.

Bandani tulikuwa na mabaki ya bomba la reli za ngazi, kutoka kwenye ile kazi ya maghorofa ya Westlands. Linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Nikaliwekea sumaku, sumaku ikateleza, ikaanguka. Nikakuambia, unaona? Ulichukua kichupa chako, ukaweka tone, ukagusisha betri, tukangoja. Tone likageuka jekundu. Bwana Kuldip alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, alikuwa amekuja kuona tumefika wapi.

"Baba," ukasema, "hii si ya moto. Hii ni ya ngazi."

Nilimtazama Bwana Kuldip nikacheka, nikamwambia rangi ya kucha imesema. Naye akacheka, mtu wa watu. Hukukata tamaa. Ukaniambia kama sitaki zile za Ngara basi tutumie bomba jeusi la mvuke, lile nene la chuma cha kawaida. Litakuwa zito, litashika kutu, lakini moto halitauogopa. Nikasema mteja anataka kitu cha kung'aa. Ukasema kuta za hili la ngazi ni nyembamba mno, hata lingekuwa stenlesi ya kweli. Nikakuuliza kama gereji ni yako au ni yangu. Ukasema, "Sawa, baba."

Kisha ukafanya kazi ile kwa moyo wote, na hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa njiani, nikiwa kanisani, nikiwa nakula. Kwa kuwa hatukuwa na kona, ulilikata lile bomba vipande vidogo vya mshazari, ukavipanga kimoja baada ya kingine mpaka vikapinda. Kila mkunjo ukawa na mishono mingi. Ulifunga ncha za bomba kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, ukapitisha gesi ndani ili upande wa ndani usiungue, ukangoja gesi ijae, ndipo ukaunga. Siku nne. Ulitengeneza mpaka mkono wa chuma wa kubebea turbo, ambao sikukuagiza, kwa sababu ulijua bomba lile halitaweza uzito. Ulipomaliza, mishono ilikuwa na rangi ya asali. Mafundi wa mabanda ya jirani walikuja kuangalia. Mimi nikasema, "Itafaa," nikampigia simu Bwana Kuldip nikamwambia kazi yangu iko tayari. Nilisema yangu. Ilipokuwa nzuri ilikuwa yangu.

Haikumaliza mwezi. Alikuwa anapanda Waiyaki Way akitokea Westlands, akasikia mlio kama wa bati linalopasuliwa, kisha moshi. Akasimamisha gari akafungua boneti kwa mkono mtupu, joto likamuunguza kiganja. Nyaya za upande ule zote zilikuwa zimeyeyuka. Mungu ni mwema, hapakuwaka moto. Kesho yake tulikwenda kwake, asubuhi, wewe na mimi na sanduku la spana. Alikuwa na bendeji mkononi na hakutukaribisha chai kama kawaida yake. Wewe ndiye uliyefungua nati, ukaitoa ile manifoldi ukaiweka juu ya meza ya mbao. Ufa ulikuwa kando kabisa ya mshono mmoja, umefuatana nao karibu mzunguko wote. Mtu asiyejua angesema mshono umeachia. Mimi nilijua. Nilijua pale pale, kabla hata hujaipangusa masizi.

Bwana Kuldip akaweka kidole hapo. "Fundi, hapa nani alichomelea?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ningesema bomba ni langu. Ningesema binti yangu alinikataza mbele yako na sote wawili tulimcheka. Nilisema, "Msichana wangu."

Ilikuwa kweli, Nafula, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hakuna hakimu ambaye angenifunga kwa maneno yale mawili. Wewe ndiye uliyechomelea. Nilichukua ukweli nikaufanyia kazi ya uongo, nikasimama nyuma yake, mwanamume mzima mwenye mvi. Wewe ulikuwa umeshika spana. Uliirudisha kwenye sanduku, mahali pake, ukapangusa mikono, ukaniangalia. Sikuona hasira. Ulikuwa unangoja niongeze neno. Bwana Kuldip naye alikuwa ananiangalia. Nikainama nikajifanya nachunguza turbo.

"Sawa, baba," ukasema, ukatoka kwa lango.

Nilipofika nyumbani jioni ulikuwa umechukua nguo zako. Ulikiacha kichupa bandani, juu ya rafu, na glavu zako juu yake. Nikamwambia mama yako una hasira za vijana, utarudi Jumapili. Sasa ni mwaka na miezi.

Ungedhani niliishia hapo. Sikuishia. Mafundi walipouliza kilichotokea nilisema, ah, kazi ya watoto wa chuo, mnajua. Nikatingisha kichwa kwa huruma, kama baba mvumilivu. Sikusema uongo hata mara moja, nilikuwa natikisa kichwa tu. Neno likatoka Kangemi likashuka mjini: yule msichana wa mzee, mishono yake hupasuka. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umevunja mfupa wako. Nilikuja kusikia baadaye kwamba uliomba kazi gereji moja kule Ngara, wakakujaribu, wakakupenda, kisha mwenye gereji akapiga simu hapa na pale, na kesho yake wakakuambia nafasi imejaa. Nilipolisikia hilo nilikuwa nakula. Nilimaliza chakula. Sijui kwa nini nakuambia hivyo, ila nataka ujue nilikuwa mtu wa namna gani.

Kisha nikakuona. Mtu aliniambia uko kwenye hoteli moja ya chai nyuma ya majengo ya ofisi, Westlands, nikavaa koti la kanisani nikaja. Nilikaa meza ya karibu na dirisha. Ulikuja na kitambaa begani, ukaniona, ukasimama kidogo tu. Kisha ukaniambia, "Karibu. Utakunywa nini?" Kama ungekuwa umenimwagia maji ya moto ningeshukuru. Nikasema chai. Uliileta, ukaweka sukari, ukapangusa meza ambayo haikuwa chafu, na nikaiona mikono yako, yale makovu madogo ya cheche yaliyojaa mpaka kwenye viwiko, ikibeba sahani za watu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka nyumbani. Badala yake nilikunywa chai yote ikaniunguza mdomo. Nilipoinuka ukasema karibu tena, vile unavyowaambia wateja wote. Nikarudi siku ya pili nikiwa nimejipa moyo. Wakaniambia umeacha kazi.

Basi hata pale nilikufukuza. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, nami nilikuwa nikidhani ni msemo wa watu wazembe.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kuldip, ni mwendo wa miguu tu. Nikamwambia yote, nimesimama langoni, bila hata kuvua kofia. Nikamwambia bomba lilikuwa la ngazi, kwamba ulinikataza, kwamba yeye mwenyewe alikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kiganja chake kina kovu la kung'aa sasa.

"Sasa unaambia mimi ya nini, fundi?" akasema. "Enda ambia yeye."

Nikamwambia sijui uliko. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: yule mwenye gereji ya Ngara alimpigia simu yeye, naye akajibu kile alichokisikia kutoka kinywani mwangu. Watu wa mashindano wote aliwaambia hivyo. Aliingia stoo akanitolea ile manifoldi. Alikuwa ameihifadhi, sijui kwa nini, na mimi sikuuliza.

Nikaipeleka bandani nikaifunga kwenye jiliwa, nikaikata kwa msumeno wa mkono, taratibu, katikati ya mshono wako. Tangu ulipoitengeneza sikuwahi kuangalia ndani yake. Sikutaka. Ndani palikuwa safi. Hapakuwa na lile ganda jeusi la punje punje kama sukari guru linalotokea mtu akiunga stenlesi bila gesi upande wa ndani. Mshono wako umepenya sawasawa pande zote mbili. Ufa uko kwenye bomba, kando yake, mahali ambapo chuma ni chembamba na kimechoka. Nikagonga kwa nyundo. Bomba lilichanika, likachanika tena mahali pengine. Mshono haukuachia. Nikachukua kichupa chako, nikaweka tone, nikagusisha betri. Likageuka jekundu, mama. Nilikaa kwenye lile gogo lako la kukalia nikalia, na muuza makaa akaja tena kuuliza kuna nini, na safari hii nikamwonyesha mshono wako.

Kulikuwa na watu wengine wawili niliowatengenezea mabomba ya moshi kwa mabaki yale. Nimewaita, nimeyatoa, nimewawekea bomba jeusi nene. Mmoja alinitukana. Alikuwa na haki. Tangu hapo kazi zimepungua bandani, nami sina kinyongo na mtu.

Wiki tatu sasa nazunguka na kile kipande kwenye mfuko wa sandarusi. Nimeingia kila gereji niliyodhani neno lile lilifika. Natoa kipande, naonyesha mshono, naonyesha ufa, naeleza bomba alilichagua nani. Unajua wananijibu nini? Wanakitazama kwa heshima, wananipa kiti. Kijana mmoja wa Kangemi, ambaye nilimfundisha hata kushika grinda, alinishika bega akaniambia, "Mzee, tunaelewa. Unamtetea juu ni msichana wako."

Nikamwambia hapana, namtetea kwa sababu ni kweli. Akasema hata babake angefanya hivyo hivyo.

Niliposema mabaya juu yako hakuna aliyeuliza ushahidi. Baba akimsema mwanawe vibaya, watu wanaamini mara moja, kwa sababu nani angemsingizia damu yake? Sasa nina ushahidi wa chuma mkononi na hakuna anayeutaka, kwa sababu mimi ni baba yako. Sikuwahi kufikiria kwamba neno langu juu yako lingekuwa na nguvu mara moja tu, na kwamba mara hiyo nimekwisha kuitumia. Najilaumu mpaka nachoka, halafu naanza tena. Kifua kinanibana siku hizi nikipanda ngazi za daraja. Siogopi kufa, kila fundi wa moshi anajua zamu yake. Naogopa kufa wewe ukiwa bado unajulikana kwa kosa langu.

Ndiyo maana nimeandika. Yeyote anayesoma hapa, iwe mlangoni au kwenye simu, na asikie kutoka kwangu mara ya mwisho. Binti yangu Nafula alikataa bomba lile mara mbili. Alijaribu kwa dawa, nikamcheka. Alipendekeza chuma kingine, nikakikataa. Alipoamriwa, aliunga kazi ambayo mimi na wenzangu wa rika langu hatuwezi kuiunga, na mishono yake yote imesimama. Kilichopasuka ni kiburi changu na bomba la ngazi. Asiyeamini aje bandani, jiliwa ipo na nyundo ipo, apige mwenyewe.

Nataka urudi nyumbani. Sitajifanya sitaki, nimechoka na kujifanya. Mama yako bado ananunua unga kwa kipimo cha watu watatu. Lakini sikuandika ili nikuvute mkono.

Kuna jambo moja la maana, na nimeliacha mwisho kwa sababu naliogopa. Juzi nilifika kwa yule yule mwenye gereji ya Ngara aliyekunyima kazi. Hakunipa kiti. Alikichukua kile kipande akakipeleka kwenye mwanga, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akakizungusha, akakaa nacho muda mrefu. Ndiye mtu wa kwanza kutazama chuma badala ya kunitazama mimi. Akaniuliza uko wapi. Nikasema sijui. Akasema ukipatikana uende, utapewa tochi ya kuchomelea na kipande cha kuunga, na mkono wako utajisemea. Ila akaniambia waziwazi kwamba hataki mzee yeyote aje kukuombea, maana mambo ya baba na binti ndiyo yaliyomwingiza kwenye kosa mara ya kwanza.

Nenda, mama. Nenda peke yako. Mimi sitapita mtaa ule, nimekwisha kumwahidi. Chagua chuma chako mwenyewe. Na akikuuliza ni nani aliyekufundisha kazi, usinitaje.

Mungu akulinde popote ulipolala na popote utakapoamkia.

Ni mimi, baba yako.